Kilichozinduliwa Hakidhuru

Ilikuwepo, na sisi tunaoishi humo tunasikitika kusema kwamba bado ipo, nchi moja inayowapenda sana watu wake. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kulitaja ukiwa umekaa ni kosa, na mimi nimekaa, mgongo unaniuma. Kazi yangu ni kinyozi. Kibanda changu kiko Mtaa wa Mchongoma, kinatazamana na njia ya kwenda shule ya msingi, kwa hiyo haya nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, mkasi mkononi.

Serikali ya nchi hiyo haivumilii hata kidogo mwananchi adhurike. Ndiyo maana ikaunda Wizara ya Hatari, wizara pekee inayofanya kazi mpaka Jumapili. Wizara hii ilipambana na bundi mpaka bundi wakahama. Ilipiga marufuku kufagia nyumba baada ya magharibi. Iliwanyang'anya wajawazito mayai, hata yale yaliyokwisha kukaangwa, ili watoto wasizaliwe na vipara, na maofisa wakayala wenyewe kwa kujitolea. Jirani yangu mmoja alipiga mluzi usiku akimtafuta mbwa wake, akafungwa kwa kosa la kuita nyoka. Nyoka mwenyewe hakuwahi kufika mahakamani kutoa ushahidi, lakini hakimu alisema huo ndio ujanja wa nyoka.

Msomaji atauliza, Wizara inajuaje hiki ni hatari na hiki si hatari? Jibu limeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya mlango wa kila ofisi yake: KILICHOZINDULIWA HAKIDHURU. Yaani kitu chochote kilichokatiwa utepe na kiongozi, watu wakapiga makofi na kina mama wakapiga vigelegele, kimekuwa salama papo hapo na kitabaki salama. Zahanati yetu isiyo na dawa ilizinduliwa, kwa hiyo haiwezi kuua mtu. Daraja la mbao zilizooza lilizinduliwa mara mbili, kwa hiyo ni salama maradufu. Sasa niambie, bundi alizinduliwa na nani? Paka mweusi je? Hapo hata mtoto anaona hatari iko wapi.

*

Umeme uliingia mtaani kwetu kwa shangwe. Waziri wa Hatari, Mheshimiwa Dokta Telesfori Mgunya, alikuja na mkasi wake mwenyewe, akakata utepe, akapigwa picha ameikumbatia nguzo. Lori lililoleta viti vya wageni lilipokuwa linarudi nyuma kuondoka, likaigonga nguzo ile ile. Nguzo ikainama. Waya ukalegea, ukashuka mpaka juu kidogo ya utosi wa mtu mzima, ukakatiza njia ya shule. Pale uliposuguana na tawi la mpera wa Mzee Ngwali, ganda la waya lilichubuka, waya ukabaki mtupu. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, mpera ule huchachatika kama mafuta kwenye kikaango.

Mbuzi wa Mzee Ngwali alisimama kwa miguu ya nyuma ale majani ya mpera, akafa amesimama hivyo hivyo. Sisi wenye akili ndogo tukasema, jamani, huu waya utakuja kuua mtu.

Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Mama Shemsa, mwuza vitumbua, ambaye meza yake iko hatua chache kutoka kibanda changu. Binti yake Shemsa yuko darasa la pili. Shuleni kwao kuna siku za shamba, na siku hizo watoto huenda na majembe, na mtoto akishabeba jembe begani, chuma kiko juu ya kichwa chake, anatembea anaimba, haangalii kitu. Mama Shemsa alikuwa anaacha vitumbua vyake vinaungua, anakwenda kusimama chini ya waya na mti mkavu wa ufagio, asubuhi wakienda na mchana wakirudi. Anapaza sauti: inama, jembe chini, pita. Inama, jembe chini, pita. Watoto wakapabatiza mahali pale jina la Inama. Hata barua za shule zikaanza kuandikwa "karibu na Inama", na Wizara ikafurahi sana kusikia kwamba mtaa wetu una watoto wenye adabu.

Mama Shemsa alikwenda ofisi ya Wizara wilayani mara nyingi kuliko nywele nilizowahi kunyoa. Aliyekuwa anampokea ni Bwana Kassimu Lihundi, Afisa Itifaki na Hatari, mtu mwenye sauti laini na kucha safi. Bwana Lihundi alimsikiliza kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Aliuliza kama huo waya una miguu. Aliuliza kama unatema mate. Aliuliza kama umewahi kulia juu ya paa la mtu usiku. Mwisho aliuliza swali lenyewe: je, ulizinduliwa?

"Ulizinduliwa na Waziri," Mama Shemsa akasema.

"Basi mama, mbona unajisumbua?"

"Umeua mbuzi, Bwana Afisa."

"Mbuzi huyo alikuwa amezinduliwa?"

Niseme ukweli, hilo swali sikuweza kulijibu hata mimi nilipohadithiwa, na nina wateja wasomi. Mama Shemsa alirudi akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, hakutaka kunyolewa, alitaka kukaa tu. Alisema anahisi kama anaongea ndani ya mtungi. Kila neno alilosema lilimrudia mwenyewe.

*

Wakati huo ndipo nchi ilipoingia vitani na kinyonga.

Nisimsingizie mtu. Watu wetu walikuwa wanamwogopa kinyonga tangu zamani. Mama zetu walituambia ana mate ya sumu, na kwamba akikung'ang'ania haachii mpaka radi ipige. Mimi mwenyewe nikimkuta njiani huzunguka, na sijui kwa nini, maana sijawahi kumsikia aliyeumwa naye, na yule mnyama hata nzi humchukua muda kumfikia. Kwa hiyo Wizara haikutunga uongo wowote. Iliukuta njiani, ikauokota, ikauvalisha sare.

Waziri alihutubia taifa kutoka uwanja wa mpira, na redio zote zikaamriwa ziwashwe, hata zile zilizoharibika.

"Ndugu wananchi," alisema, "adui huyu hakujificha. Amejitaja mwenyewe kwa jina lake. Kifuniko hufanya nini?"

"Hufunika," uwanja ukajibu.

"Kizibo?"

"Huziba."

"Na kinyonga je?"

Watu uwanjani wakashika shingo zao. Waziri akashika na yake. Akasema ushahidi ulikuwa vinywani mwetu miaka yote hii, tunautamka kila siku, wala hatukuusikia. Mwalimu mmoja wa lugha aliandika gazetini kuuliza kama basi na kitunguu hutungua ndege. Akahamishiwa kituo ambacho hakina barabara, na jeshi likaondoa vitunguu karibu na uwanja wa ndege, kwa tahadhari tu. Bungeni nako, Waziri alipoeleza kwamba adui huyu hubadili rangi kulingana na mahali alipokaa, waheshimiwa kadhaa walianza kutazama viatu vyao.

Vita ilipangwa vizuri. Mafundi wote wa umeme wa wilaya yetu walichukuliwa kwenda mstari wa mbele, kwa kuwa ndio waliokuwa na ngazi, na vinyonga hukaa juu. Mama Shemsa alipokwenda tena ofisini aliambiwa hata kama waya wake ungekuwa hatari, nao si hatari, hakuna mtu wa kuupandisha. Fundi aliyekuwa zamu mtaani kwetu alikuwa porini amevaa kofia ya chuma, amepanda mkwaju, anasubiri.

Ikatangazwa namba ya simu ya bure. Ukimwona kinyonga unapiga, na magari yanakuja. Zahanati haina gari, ila kinyonga alikuwa na matano.

Shuleni wakaanzisha mazoezi. Mkuu wa shule akipiga kengele na kusema "Kinyonga", watoto wote watoke madarasani mbio, wakiwa wameziba shingo kwa mikono, wafuate kibao kilichochorwa mshale mwekundu na maneno USALAMA HUKU. Kibao hicho Wizara ilikipigilia kwenye njia ya shule, mshale ukielekea kwa Mzee Ngwali. Yaani ukielekea kwenye waya.

Siku ya zoezi la kwanza ilikuwa siku ya shamba. Mimi nilikuwa namnyoa karani wa posta. Tukasikia kengele, kisha kelele, kisha vumbi la watoto likitujia. Wengine walikuwa wamekimbia na majembe yao, maana walifundishwa wasiache mali ya shule mikononi mwa adui. Mama Shemsa alikuwa anageuza vitumbua. Aliruka meza. Alifika chini ya waya akanyoosha mikono yote miwili, anapiga makelele ya inama, inama, na watoto walio na hofu hawainami. Akawasukuma chini mmoja mmoja, akawaangusha kifudifudi, akakanyaga mikono ya watu. Shemsa alikuja katikati ya kundi, jembe begani, macho yamemtoka, anamtazama mama yake kama hamjui. Mama yake alilidaka jembe kwa mpini likiwa limebakiza kiganja kimoja kugusa waya.

Karani wa posta alitoka kibandani nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa, akakaa chini kwenye mchanga. Shemsa alikuwa analia kwa sababu ameangushwa mbele ya wenzake.

Jioni yake Mama Shemsa alipewa onyo kwa kuzuia njia ya usalama.

*

Watu walimshauri adanganye. Piga ile simu, Mama Shemsa, sema kinyonga amekaa juu ya waya. Watakuja na ngazi. Wakishafika na ngazi, tutawaomba tu wauinue. Shauri hilo lilikuwa langu, sikatai. Mama Shemsa alikataa. Alisema yeye ameshakwenda na ukweli mpaka viatu vimeisha, na kama ukweli haukuwatoa ofisini, anaona haya kuona uongo ukiwatoa.

Lakini asubuhi moja, mvua ilipokatika, kinyonga alikuwepo kweli. Alikuwa ametoka kwenye tawi la mpera, akanyoosha mguu mmoja kwenye waya, na safari yake ikaishia hapo. Alikuwa amekauka, nusu juu ya tawi nusu juu ya waya, mdogo, mweusi kama mkaa. Ndiyo rangi yake ya mwisho.

Mama Shemsa alimtazama sana. Kisha akapiga simu.

Magari yote matano yalifika kabla hajarudisha simu kwenye pindo la kanga. Askari waliovaa miwani ya kuzuia mate waliruka, wakalala chini, wakauelekezea mpera bunduki. Bwana Lihundi alishuka wa mwisho akiwa ameziba shingo kwa kitambaa. Mama Shemsa akamwendea, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona uso wake una matumaini.

"Bwana Afisa, leo umeona mwenyewe," alisema. "Mimi sisemi kitu. Mtazame tu. Amegusa mara moja. Na mtoto naye akigusa itakuwa vivyo hivyo."

Bwana Lihundi alimtazama kinyonga. Akautazama waya, ulivyokuja kutoka nguzoni na ulivyoshuka. Midomo ikamchezacheza, na sisi tuliosimama mbali tukasema, ameelewa. Jamani ameelewa. Mzee Ngwali alianza kulia.

Bwana Lihundi akavua kofia, akasimama wima, akaupigia waya saluti.

"Peke yake," alisema. "Bila silaha, bila mshahara. Vikosi vyetu vimezunguka nchi nzima miezi yote hii, na huyu hapa amesimama kimya mtaani akilinda watoto."

Mama Shemsa aliokota mti wake wa ufagio, akarudi kusimama chini ya waya.

*

Kuanzia hapo sikuweza tena kufuata mambo vizuri, maana kila nilipodhani yamefika mwisho yaliongeza mwendo. Redio ilitangaza kwamba Waya wa Mtaa wa Mchongoma ni shujaa wa taifa. Wilaya jirani zikaona wivu, zikaomba na zenyewe nyaya zao zishushwe karibu na shule ili zifanye kazi ya ulinzi. Wizara ikakubali kwa moyo mmoja. Mafundi wakarudishwa kutoka porini, wakapewa kazi ya kushusha. Fundi wetu alifika kwa Mama Shemsa kumsalimu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anaona haya. Mama Shemsa akamuuliza kama anaweza kuja na ngazi yake usiku. Fundi akasema ngazi sasa zina walinzi.

Ikapangwa siku ya Waziri kuja kuuvisha waya nishani.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima. Watoto walipangwa pande mbili za njia kuimba wimbo wa waya, ambao uliutaka uendelee kuning'inia daima. Kulikuwa na bendi, na kapeti jekundu lililolowa mpaka likawa linatoa maji ukilikanyaga. Mheshimiwa Dokta Telesfori Mgunya alifika amevaa suti nyeupe na viatu vya ngozi, nishani ameishika mkononi. Ilikuwa ya shaba, na mkufu wake ulikuwa wa shaba pia.

Mama Shemsa alipita katikati ya askari. Sijui alipitaje. Nadhani walidhani ameandaliwa, maana alikuwa amevaa kanga mpya. Akasimama mbele ya Waziri, chini ya waya, pale anaposimama siku zote.

"Mheshimiwa, shikamoo," alisema. "Nakuomba usiuguse huo waya. Una umeme. Ulegee au usilegee, upewe nishani au usipewe, una umeme ndani yake. Sikuombi kitu kingine leo. Sikuombi hata uinuliwe. Usiuguse tu, watoto wanatazama."

Waziri alimwinamia kwa upole, kama mtu anavyomwinamia mgonjwa.

"Mama yangu, mimi ndiye niliyeuzindua waya huu. Utanidhuruje?"

Akamsogeza kando kwa mkono mmoja, akatabasamu kwa ajili ya wapiga picha, akaupitisha mkufu juu ya waya.

Sitaeleza mlio wake. Waziri aliruka bila kukunja goti, akaangukia mtaroni upande wa pili, viatu vikabaki kwenye kapeti. Bendi iliendelea kupiga kidogo kwa sababu mpiga tarumbeta hufumba macho.

Mzee Ngwali ndiye aliyepaza sauti kwanza: "Kazimia. Mzindueni, jamani, mzindueni."

Hapo ndipo Bwana Lihundi alipokuja mbio akanyoosha mikono kuzuia watu.

"Hakuna mtu kuzindua," alisema. "Sheria iko wazi. Mradi wa kijiji huzinduliwa na Mkuu wa Wilaya. Mradi wa wilaya huzinduliwa na Waziri. Waziri mwenyewe atazinduliwa na Mtukufu Rais tu."

"Bwana Afisa, mtu hapumui," Mzee Ngwali akasema.

"Ndiyo maana nimeagiza utepe."

Na kweli alikuwa ameagiza. Askari mmoja alikuwa anakimbia na utepe, mwingine anatafuta mkasi, akaja kunichukulia wangu. Mwingine alikuwa kwenye simu na Ikulu, anaulizwa kama uzinduzi huo unaweza kusubiri mpaka wiki ijayo, kwa kuwa ratiba ya Mtukufu imejaa. Midomo ya Waziri ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Watu tulikuwa wengi, tumeuzunguka mtaro, tunatazama, na kila mmoja anajua la kufanya, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Nasema kwa uchungu, sijawahi kuona umati mkubwa hivyo usio na mikono.

Mama Shemsa alijifunga kanga kiunoni, akashuka mtaroni. Alimkalia Waziri mapajani, akamkandamiza kifua kwa viganja viwili, akamkandamiza tena, akampiga kofi moja la huku na jingine la huku, na yale makofi, kwa maoni yangu, hayakuwa ya matibabu peke yake. Akammwagia maji usoni kwa kopo. Waziri akakohoa. Akavuta pumzi ndefu yenye tope ndani yake, akafumbua macho.

Kina mama walipiga vigelegele. Walifanya hivyo kwa furaha tu, bila kukusudia lolote, lakini Bwana Lihundi aligeuka akiwa amekunja uso. Kulikuwa na vigelegele, kulikuwa na makofi, na aliyezindua hakuwa na cheo. Akaamuru Mama Shemsa akamatwe.

*

Tume iliundwa haraka, ikakaa haraka, ikasema haraka. Iligundua kwamba kinyonga marehemu alikuwa ameacha mate yake juu ya waya, na sumu hiyo ndiyo iliyomrusha Waziri. Waya, kwa upande wake, ulijitahidi kumsukuma mbali ili kumwokoa. Ukaongezewa nishani ya pili, ambayo safari hii ilitumwa kwa posta.

Kulikuwa na tatizo moja la kisheria: Waziri alikuwa amezinduliwa na mwuza vitumbua. Je, hicho cheo chake bado kilikuwa halali? Wataalamu walibishana, kisha wakaona ni vyema azinduliwe upya. Basi siku ya sikukuu, mbele ya uwanja uliojaa, Mheshimiwa Dokta Telesfori Mgunya alilazwa chali juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akafumba macho, utepe ukapitishwa juu ya kifua chake. Mtukufu Rais akaukata. Waziri akafumbua macho, akaonekana kushangaa sana kutuona. Tangu hapo naye hana madhara yoyote, kisheria.

Mama Shemsa alishtakiwa kwa kuzindua bila mamlaka. Mahakama ya wilaya ilijaa siku hiyo. Iko nyuma ya soko, unavuka uwanja mmoja tu kufika Inama. Kesi ilianza asubuhi na haikuwa ndefu, kwa kuwa mshtakiwa hakubisha. Alipoulizwa kama ni kweli alimzindua Waziri, alijibu ndiyo. Alipoulizwa kwa ruhusa ya nani, alijibu, "Alikuwa anakufa." Hakimu akamsahihisha kwamba hilo si jina la mtu.

Tangu alipokamatwa tulikuwa tunapokezana chini ya waya, Mzee Ngwali asubuhi, mimi mchana, fundi umeme akipata nafasi. Siku ile ya hukumu sote tulikuwa mahakamani, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki. Hilo tuligundua baadaye. Wakati hakimu anasoma, mvua ilikuwa inapiga bati, na sauti yake tuliisikia nusu nusu.

Alihukumiwa kifungo. Hakimu akavua miwani, akamuuliza Mwanakheri binti Sefu, ajulikanaye kama Mama Shemsa, kama ana lolote la kusema kabla hajapelekwa. Tulidhani atalia, au atamlaani mtu. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

"Waya bado uko pale pale, Mheshimiwa?"

"Uko," hakimu akasema kwa fahari.

"Leo ni siku ya shamba," alisema. "Mvua inanyesha na watoto wanakaribia kutoka. Wanatoka na majembe. Mimi nifungeni tu, sina neno. Nauliza nani amesimama pale sasa hivi."

Hakimu alisema swali hilo ni zuri na litafikishwa Wizarani.

Mama Shemsa hakumtazama hata. Aligeuka akatutazama sisi, benchi kwa benchi. Alimwona Mzee Ngwali. Aliniona mimi. Alimwona fundi umeme amekaa karibu na mlango. Nikaona uso wake unabadilika anapotuhesabu.

Mimi ni raia mtiifu. Sijawahi kutoka mahakamani bila kumwinamia hakimu, wala sijawahi kukimbia mbele ya serikali. Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka benchi likianguka, na fundi akiwa ameshatoka, na Mzee Ngwali ananipita na umri wake wote, na nyuma yetu mahakama nzima, kina mama wameshika kanga mkononi, karani wa posta, hata askari mmoja, tunakimbia kwenye matope bila kuulizana. Kengele ya shule ililia tukiwa katikati ya uwanja. Tuliwaona watoto wakitoka getini, majembe begani, wanaimba. Tulifika tumetangulia kidogo tu. Tulisimama mstari mzima kuvuka njia, bega kwa bega chini ya ule waya unaochachatika, tukapaza sauti zote: inama, jembe chini, pita.

Shemsa alipita wa mwisho. Aliinama vizuri, jembe amelishusha mpaka magotini, kisha akasimama upande wa pili akaanza kututazama usoni mmoja mmoja, akimtafuta mama yake.

Jioni redio ilitangaza kwamba watu wa Mtaa wa Mchongoma walitoka mbio mahakamani baada ya kinyonga kuonekana dirishani. Serikali imewapongeza kwa kuchukua tahadhari.